Gari Lililoumwa Namba

Majina siyaandiki. Watoto wangu wanaishi kati ya watoto wao, na mmoja ameoa humo humo. Lakini waliokosa nitawataja kwa kazi zao na kwa undugu wao, na asiyejijua baada ya hapo hajijui kabisa. Karani wa boma alikosa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikosa. Na mkubwa wa chama cha machela cha kijiji chetu alikosa kuliko wote, ingawa ukifika kwetu Igurwa kila mtu atakuambia alikuwa mtu wa haki.

Elimu yangu ni miaka miwili kwa mwalimu wa dini, kwenye kibanda cha nyasi, na mwaka wa pili nusu yake tulikuwa tunaezeka kibanda. Kusoma hasa nilijifunza Uganda, kwa mabango ya maduka. Kwa hiyo nikikosea mahali nisamehewe. Hao niliowataja mimi sikuwasamehe, lakini wewe msomaji hatujakosana.

Uganda nilikwenda nikichechemea. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye shimo la kuchimba madini ya bati kule Kyerwa, na ukuta wa shimo ulipoanguka ulichukua wenzangu wawili, mimi ukanirudisha na mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe. Nilipopona nikasema ardhi ya kwetu haina adabu, nikavuka mto. Huko nilipalilia kahawa za watu, nikawa utingo, nikawa dereva wa lori la mwenye duka. Miaka kumi na miwili. Nilipovuka mto kurudi, katika miaka ile ya hamsini, nilivuka na pikapu.

Usifikiri pikapu ya kukuonea wivu. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyochujuka, mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya mgomba, na kiti kilikuwa na shimo ambalo abiria aliambiwa mapema. Lakini ilikuwa yangu. Ndani yake mlikuwa na jasho la miaka kumi na miwili na ng'ombe watatu walioachwa na baba yangu, maana niliwauza kumalizia. Sikubakiwa na kitu kingine. Nilitaka kubeba kahawa za watu, na siku za mnada niwabebe wenyewe. Kijijini hapakuwa na gari la pili.

Sasa, gari hilo lilikuwa limeandikishwa Uganda. Mpaka wetu na Uganda ni mto tu, hata ng'ombe huuvuka bila kuulizwa. Lakini gari likivuka huwa kama mtu aliyekufa upande mmoja na hajazaliwa upande wa pili. Boma walinipa miezi mitatu niwe nimeliandikisha upya Tanganyika, kwa jina langu, na namba mpya. Miezi mitatu ikipita, linazuiliwa. Nililiona pale bomani gari lililozuiliwa, la mtu mwingine. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva, na alinitazama kama mwenye mali.

Hapo ndipo shemeji anapoingia. Yeye alifika darasa la nne na alivaa kalamu mfukoni hata akienda kukata ndizi. Mke wangu akasema mpe kaka makaratasi, atakujazia. Nikampa fomu pamoja na kadi ya gari iliyotoka Uganda. Wiki ya kwanza akasema anaisoma. Wiki ya nne akasema kuna neno analolifikiria. Wiki ya kumi nikapata habari kutoka Bweranyange kwamba huko kuna kijana anachumbia, na amewaonyesha wakwe kadi ya gari la ukoo wake.

Nilimfuata. Kadi ilikuwa inanuka pombe ya rubisi na ina alama za vidole vyenye mafuta ya senene wa kukaanga. Kwenye fomu alikuwa amejaza mahali pamoja tu, pale pa shahidi, akaweka sahihi yake yenye mikia mirefu.

"Shemeji, usinitazame hivyo," akaniambia. "Wamekubali posa. Kadi yako imefanya kazi kuliko gari lenyewe."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nikaenda kwa miguu hadi ofisi ndogo ya boma, upande wa Kihanga, nikiwa na kadi, na fomu, na vibao viwili vya namba ya Uganda nilivyovifungua mwenyewe, kwa sababu shemeji alisema ndivyo inavyotakiwa. Pale palikuwa na karani, kijana wa soksi ndefu, ambaye alizungumza na watu huku akikitazama kidau chake cha wino. Alipokea vibao, akavitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. Kisha akanieleza kwamba tangu dakika ile gari langu halina namba, na gari lisilo na namba ni marufuku kutembea barabarani. Tena akanieleza kwamba mkaguzi wa magari kutoka Bukoba huja mara moja kwa mwezi, atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na haandikishi gari asiloliona kwa macho yake. Mwezi unaofuata siku zangu zitakuwa zimeshapita.

Nikamwuliza, basi gari litafikaje hapa Alhamisi.

"Bwana, mimi nimekuambia lisitembee," akasema. "Sijakuambia lisifike."

Nimezeeka sasa, au karibu, na bado neno hilo huniamsha.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu zangu za kibubu. Kutoka kwangu hadi ofisi ile ni vilima na mabonde, mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye miguu miwili sawa. Nikawakumbuka ng'ombe. Ng'ambo ya bonde letu aliishi mfugaji mmoja, Mkristo mwema, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu waliojaa uwanda wote. Nikaenda, nikamsalimu vizuri, nikamwomba madume sita walivute gari langu siku moja tu.

Alinikalisha, akaagiza maziwa, nikanywa, nikasema moyoni jambo limekubaliwa. Nilipomaliza akaniuliza nilikaa Uganda miaka mingapi. Nikasema kumi na miwili.

"Ndiyo maana umesahau ng'ombe ni nani," akasema, akachukua kibuyu chake.

Baadaye nilisikia kwamba wachungaji wake waliambiwa nisipite karibu na zizi, maziwa yasije yakakata.

Ni mke wangu aliyetaja machela. Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa. Alisema asiyeweza kwenda kwa miguu yake kwetu hubebwa, kwa nini nahangaika kama mtu asiye na kijiji.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na chama cha kubeba wagonjwa, wenyewe huita engozi, kwa jina la ile machela ya kusuka inayoning'inizwa kwenye miti. Mgonjwa akipatikana, pembe hupigwa, na kila mwanamume huacha alichoshika. Wanapokezana mabegani mpaka hospitali. Ukikutana nao njiani unatua mzigo wako, unashika mti hata hatua kumi, unasema pole. Chama kina daftari, na majina husomwa. Asiyeitikia huitwa mbele ya watu, na hukumu yake husikika mpaka kijiji cha tatu.

Mkubwa wa chama alikuwa mzee mfupi mkavu, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa pia, ambaye hajawahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Nilimkuta shambani nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Akauliza gari lina ugonjwa gani. Nikasema limekatazwa kutembea. Akauliza nani amelikataza. Nikasema boma. Akafikiri kwa muda wa kupalilia shina zima la mgomba.

Kisha akasema kwamba kuna mwaka mganga wa misheni alimkataza mama mmoja kutembea, na mama yule alikuwa anakula, anacheka, na anagombana na wake wenza. Walimbeba. Aliyekatazwa kutembea na mwenye kujua ni mgonjwa, hata kama hajioni mgonjwa. Mfano upo, akasema, na kwenye mfano yeye hana neno. Lakini kama ni machela, basi ni machela kwa taratibu zake zote.

Hizo taratibu zote ndizo zilizoniua.

Alhamisi alfajiri pembe ikapigwa. Walikuja wanaume thelathini na wawili, na shemeji wa thelathini na tatu, na kalamu yake. Mkubwa wa chama akasoma daftari. Halafu akauliza blanketi liko wapi, kwa maana mgonjwa hufunikwa. Nikasema hili ni bati. Mke wangu akaleta blanketi letu la pekee, likatandikwa juu ya boneti na kufungwa kwa kamba chini ya taa. Nikaagizwa nisipige honi hata mara moja, kwa sababu mgonjwa akibebwa hasemi. Mimi nikaruhusiwa kukaa kwenye usukani, kwa sababu ya breki na kwa sababu ya mguu, na jambo hilo halikuwapendeza watu. Nilisikia mmoja akisema kwamba ni mara ya kwanza anambeba mgonjwa aliyebebwa pamoja na mwenye mgonjwa.

Tukaondoka. Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Kilima cha kwanza kilipoanza waliweka mabega, wakaanza kuimba wimbo wa kubebea, ule wa polepole wenye huzuni, na gari likapanda kama jeneza la mtu mkubwa. Wanawake waliotoka kisimani wakatua mitungi wakasimama pembeni. Mzee mmoja akavua kofia.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Gari," wakamjibu.

"Maskini. Linaumwa nini?"

"Namba."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kufiwa na ugonjwa huo huo, akaweka mkono kwenye ubao wa nyuma akasukuma hatua zake kumi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa njia nzima. Bibi mmoja alipenyeza kiganja chini ya blanketi, jua lilikuwa limeshapanda, akatangaza kwamba mgonjwa ana homa kali na wasimcheleweshe. Mwingine akaniuliza kwa upole kama tulijaribu dawa za kienyeji kwanza.

Mimi nilikuwa nimekaa, nimeshika usukani, naambiwa pole kutoka kila upande. Nilianza kuwa na sura ya mfiwa. Nakiri hata machozi yalinikaribia kwenye kilima cha tatu, na sijui yalikuwa ya nini.

Bondeni tulikutana na askari wa mtemi mwenye baiskeli. Alisimama katikati ya njia akauliza gari lisilo na namba linatembeaje. Mkubwa wa chama akamweleza kwamba halitembei, linabebwa. Askari akaenda nyuma, akainama, akaingiza vidole viwili kwenye bomba la moshi, akavinusa. Bomba lilikuwa baridi. Akasimama wima, akaegesha baiskeli yake kwenye mgomba, akasukuma hatua kumi.

Tulifika jua likiwa utosini. Watu walikuwa wameloa jasho, wengine mabega yamechubuka, na mmoja alikuwa amepoteza kiatu ambacho ndiyo kwanza amekinunua. Mkaguzi wa magari alikuwa Mzungu mwembamba, amekaa chini ya veranda na kitabu kikubwa, karani kando yake. Aliliona gari likija na blanketi na wimbo. Alisimama taratibu, akavua miwani, akaivaa tena.

Akalizunguka, akapiga magurudumu teke, akalalia tumbo akachungulia chini, akaagiza blanketi litolewe. Kisha akanionyesha kwa kidole nizungushe hendeli.

Kama lisingewaka, mambo yangu yalikuwa yamekwisha, na yule kuku angepata mwenzake. Nikatema mate viganjani, nikazungusha mara moja.

Likawaka. Mara moja tu, tena kwa sauti nene ambayo hata Uganda halikuwahi kuitoa, likatulia likinguruma kama ng'ombe aliyeshiba.

Nikageuka kucheka na wenzangu. Hakuna aliyecheka. Wanaume thelathini na wawili walikuwa wamesimama wakilitazama gari, halafu wakanitazama mimi, halafu gari.

Mkaguzi akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, kama injini nzima kwa nini tumelisukuma. Nikasema karani alilikataza kutembea. Mzungu akamgeukia karani. Akasema, na kila mtu alisikia, kwamba gari linalokuja kukaguliwa hupewa barua ya boma, na kwa barua hiyo linatembea siku hiyo bila shida yoyote. Akauliza barua iko wapi.

Karani akakitazama kidau cha wino.

"Hakuniomba barua," akasema.

Nikisema karani alikosa ndiyo maana yake hiyo. Barua ilikuwa mistari miwili. Alikuwa na karatasi, alikuwa na wino, na kwa jinsi alivyoupenda wino ule ungedhani angefurahi kuutumia.

Mkaguzi akaandika. Aliuliza jina langu, akaliandika kwenye kitabu kikubwa na kwenye kadi mpya, na chini yake namba ya Tanganyika. Akapiga muhuri. Nilisoma jina langu herufi kwa herufi, lilikuwa sawa, na pale palipoandikwa mwenye gari palikuwa na mimi peke yangu. Sikuwahi kuwa peke yangu kwenye karatasi nzuri namna ile. Shemeji alisogea akauliza kama pana mahali pa shahidi. Hapakuwa.

Nikawaambia watu wapande tuondoke, sasa tunaruhusiwa. Mkubwa wa chama alikuwa anakunja blanketi langu, kona kwa kona. Akanikabidhi, akaanza kutembea. Wengine wakamfuata. Nilikwenda nyuma yao kwa mwendo wa kinyonga kilima baada ya kilima, nikiwabembeleza kupitia dirishani, na hakuna aliyegeuka. Aliyepanda ni shemeji peke yake. Alikaa mbele, kiwiko nje, akiwapungia mkono watu wale wale waliotupa pole asubuhi.

Jumapili baada ya sala nikaitwa mbele ya chama.

Walikaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Mkubwa wa chama alifungua daftari, akasema kosa langu ni la zamani kuliko baba zetu, nalo ni kuwabebesha watu asiyeumwa. Mtu akijifanya mgonjwa akabebwa, kisha akafika hospitali akasimama, adhabu yake inajulikana: anaingia kwenye mti, anabeba mpaka wote waliombeba wamepumzika.

Nilijitetea. Nilisema sikujifanya, nilidanganywa, mwenye kosa ni karani, Mzungu mwenyewe amethibitisha mbele yao, waende wakamhukumu karani.

"Karani si mwanachama," akasema mkubwa wa chama.

Nikasema mguu wangu hauwezi mti. Wote wanajua.

"Mguu wako tunaujua vizuri," akasema. "Ulipotoka kwenye lile shimo la bati tulikubeba siku mbili. Ulikuwa mzito, na mvua ilikuwa inanyesha. Ulipopona ulikwenda Uganda kabla ya kubeba hata maiti moja. Hatukusema kitu. Sasa umerudi, na majuzi tumelibeba gari lako. Wewe tumekubeba, gari tumelibeba. Ninyi wawili mtabeba lini?"

Nilimtazama mke wangu aliyekuwa upande wa wanawake, nikidhani atanisaidia, kwa kuwa wazo la machela lilikuwa lake. Alikuwa anatengeneza kitambaa cha kichwani.

Hukumu ikapita. Wewe huwezi mti, gari linaweza. Pembe ikipigwa, gari linakuja, usiku au mchana, kahawa iwe imepakiwa au haijapakiwa. Kwa muda gani, nikauliza. Mkubwa wa chama akahesabu mabega ya watu thelathini na wawili, akawaongeza yule askari wa baiskeli na bibi wa homa, akasema nitaambiwa.

Sijaambiwa mpaka leo. Mzee amekufa, mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka hospitali mara ya mwisho, na alilala nyuma kimya akitii taratibu. Nilibeba wajawazito, nilibeba waliong'atwa na nyoka, nilibeba mjukuu wa yule mfugaji, na siku hiyo alinipa maziwa bila kuniuliza miaka. Kahawa nilibeba pia, pale wagonjwa waliponipa nafasi. Tajiri sikuwa.

Kadi ya serikali ninayo, imeandika gari ni langu, na nimeifungia sandukuni. Lakini chama nacho kilikuwa na daftari lake. Jumapili ile ile, kabla hatujatawanyika, mzee alilamba penseli akaandika chini ya jina la mwisho, akiinakili namba bila kukosea kutoka kwenye kibao kipya nilichokuwa nimekichora mwenyewe kwa chokaa. Kisha akasoma majina kuhakikisha yamekamilika, na kila mtu akaitikia lake. Alipomaliza watu akasoma namba, herufi kwa tarakimu, akangoja.

Kila mtu akanitazama.

"Lipo," nikasema.